Michezo ya kompyuta kiganjani: Lango limefunguka, ufunguo ni wa nani?

Katika Kaunti ya Licking, nje ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, kampuni ya Intel inajenga kiwanda cha kutengeneza prosesa, ule ubongo unaoiendesha kompyuta. Mradi huo wa zaidi ya dola bilioni 20 ulitangazwa Januari mwaka 2022, na kiwanda kilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2025. Badala yake, Februari mwaka 2025 Intel ilisema kazi itaanza kati ya mwaka 2030 na 2031. Miezi sita baadaye serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya hisa za kampuni hiyo.

Kiwanda kinasubiriwa, lakini dunia haikusubiri. Mpita njia katika barabara ya High mtaani Clintonville, kaskazini mwa Columbus, kwa kawaida hubeba mfukoni kompyuta isiyojua lugha ya Intel. Kompyuta hiyo ni simu yake, na prosesa iliyomo ni ya aina ya ARM. Ndivyo ilivyo pia kwa mchuuzi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, kwa mwanafunzi wa Makerere, na kwa familia za wakimbizi kutoka Kongo zilizohamia Columbus, Louisville na Buffalo, miji ambayo leo ina wakaazi wazungumzao Kiswahili.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu wengi kuliko wanavyodhani. Je, hazina ya programu na michezo iliyoandikwa kwa zaidi ya miaka 40 kwa ajili ya kompyuta za mezani inaweza kuhamia katika vifaa vidogo vya mkononi? Kiufundi, jibu sasa ni ndiyo, ingawa kwa mipaka. Kisheria na kibiashara, jibu bado lina utata.

Kuta mbili

Intel ilitoa prosesa yake ya 8086 mwaka 1978, na kutokana nayo ukazaliwa ukoo uitwao x86, ambao hutengenezwa hasa na Intel yenyewe na mshindani wake AMD. ARM ilizaliwa mwaka 1985 mjini Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, kwa kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Prosesa za ARM zilitumia umeme kidogo, na kwa sababu hiyo zikaja kutawala katika simu.

Koo hizo mbili hazisikilizani. Mchezo uliotayarishwa kwa x86 ni mfululizo wa amri ambazo ARM haizifahamu. Mwenye maandishi asilia ya programu anaweza kuyatayarisha upya kwa prosesa nyingine, lakini michezo mingi huuzwa bila maandishi hayo. Mnunuzi hupewa chakula kilichokwisha kupikwa, wala haonyeshwi namna kilivyopikwa.

Ukuta wa pili ni mfumo wa kompyuta. Michezo mingi iliandikwa kwa Windows ya kampuni ya Microsoft, ilhali vifaa vingi vya mkononi hutumia Linux, mfumo ulio huru kwa kila mtu kuutumia na kuurekebisha. Hata simu za Android, ingawa wengi hawalitambui hilo, zina Linux katika kiini chake.

Ukuta huu wa pili ulianza kubomolewa mapema. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi uitwao Wine, ambao huipokea programu ya Windows na kuipatia ndani ya Linux kila huduma inayoiomba. Lakini Wine peke yake haibadilishi lugha ya prosesa. Kazi hiyo ilihitaji watu wengine.

Kifaa kidogo, subira kubwa

Mfano unaoeleza vizuri zaidi jambo hili ni kompyuta ndogo iitwayo Pandora. Ilibuniwa na kundi la wapenzi wa michezo barani Ulaya waliochoshwa na vifaa vilivyofungwa na watengenezaji wake. Maagizo ya kwanza yalipokelewa mwaka 2008, na baada ya ucheleweshaji mwingi vifaa vya kwanza viliwafikia wanunuzi mwaka 2010. Ilikuwa na baobonye kamili, Linux, prosesa ya ARM ya megahezi 600 na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu.

Kwa kipimo chochote, hiyo ilikuwa mashine dhaifu. Hata hivyo, mwaka 2014 mtaalamu mmoja ajulikanaye kwa jina la notaz aliufanya mchezo wa StarCraft, uliotoka mwaka 1998 kwa kompyuta za Windows, uchezeke ndani ya Pandora. Hakuwa na maandishi yake asilia. Alizichambua amri za x86 zilizomo, akazigeuza kuwa maandishi yanayoweza kutayarishwa upya kwa ARM, kisha akaitumia Wine kuziba pengo lililobaki.

Kazi hiyo inafanana na ya mfasiri wa kitabu. Hukaa na maandishi yote mbele yake, akafasiri ukurasa baada ya ukurasa, na msomaji hupewa kitabu kilichokamilika. Matokeo yake huenda kwa kasi nzuri, lakini kila mchezo unadai jasho jipya.

Njia ya pili ni ile ya mkalimani. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mzazi wake hospitalini ugenini anamfahamu mtu huyu: husikiliza sentensi, akaigeuza, akaitamka, huku mazungumzo yakiendelea. Programu ya Box86, iliyoandikwa na Mfaransa ajulikanaye kwa jina la ptitSeb, naye pia mwanajamii wa Pandora, hufanya hivyo. Hugeuza amri za x86 kuwa za ARM wakati mchezo ukiendelea, na kuyatunza yale iliyokwisha kuyageuza ili isirudie kazi. Pale mchezo unapoomba huduma ya kawaida, kama vile kuchora picha, Box86 huikabidhi kazi hiyo moja kwa moja kwa maktaba za ARM zilizomo katika kifaa. Hapo mkalimani hapotezi muda, kwani wahusika wanaonana ana kwa ana.

Ndugu yake, Box64, anashughulikia programu za kisasa zaidi. Mwaka 2024 waendelezaji wake walionyesha mchezo mzito wa The Witcher 3 ukiendeshwa, ingawa kwa mwendo wa kusuasua, katika kompyuta ya RISC-V, ukoo wa tatu wa prosesa ulioanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Makampuni yaingia

Kilichoanza kama kazi ya watu wa kujitolea sasa kimeyavuta makampuni makubwa. Mwaka 2020 Apple ilipoacha prosesa za Intel katika kompyuta zake na kuanza kutumia za ARM, iliwapa wateja mkalimani wake iitwayo Rosetta 2. Valve, kampuni ya Marekani inayomiliki duka la michezo la Steam, ilitoa mwaka 2018 programu ya Proton iliyojengwa juu ya Wine. Februari mwaka 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Linux, kwa bei ya kuanzia dola 399. Kifaa hicho, hata hivyo, bado kilitumia prosesa ya x86 kutoka AMD.

Hatua kubwa zaidi ilitangazwa Novemba mwaka 2025. Valve ilisema kifaa chake cha kuvaa usoni, Steam Frame, kitatumia Linux na prosesa ya ARM, na kwamba michezo ya x86 itaendeshwa humo kupitia mkalimani mwingine aliye huru, FEX. Kwa maneno mengine, kampuni yenye duka kubwa la michezo ya kompyuta imekubali kwamba mustakabali wake hautegemei ukoo mmoja wa prosesa.

Kizuizi kipya

Iwapo ukuta wa lugha umepata mlango, nani ameushika ufunguo? Mwaka 2024 ulitoa majibu kadhaa. Mei mwaka huo, ulinzi mpya dhidi ya wadanganyifu uliwafungia wachezaji wa Linux mchezo wa League of Legends. Septemba, hatua kama hiyo iliwazuia wenye Steam Deck kuingia katika GTA Online. Vifaa vyao vilikuwa na nguvu ya kutosha. Walichokosa ni ruhusa.

Wenye hakimiliki wana hoja zao. Wanasema wadanganyifu huharibu michezo ya mtandaoni, na kwamba zana za kuiga mashine hutumiwa kueneza nakala za wizi. Machi mwaka 2024 waliokuwa nyuma ya programu ya Yuzu, iliyoiga mashine ya Nintendo Switch, walikubali kuilipa Nintendo dola milioni 2.4 kumaliza kesi.

Lakini kutafsiri programu uliyoinunua kihalali si sawa na kuiba. Aprili mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi kati ya Google na Oracle, iliamua kwamba Google haikukosea kwa kuandika upya njia ambazo programu huzitumia kuomba huduma. Uamuzi huo uliipa nguvu hoja ambayo miradi kama Wine imeisimamia kwa miaka mingi.

Tatizo la kina zaidi ni umiliki wenyewe. Tangu Januari mwaka 2025, sheria ya jimbo la California inawalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu, pale ambapo bidhaa hiyo inaweza kuondolewa mikononi mwake. Sheria hiyo haikuirudisha haki ya mnunuzi. Ilichofanya ni kuwalazimisha wauzaji waseme ukweli.

Columbus inalijua jambo hili tangu zamani. Kampuni ya CompuServe, iliyoanzishwa hapo mwaka 1969, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwaunganisha watu majumbani kwa njia ya simu, na mwaka 1985 iliwaletea wateja wake mchezo wa Island of Kesmai. Wachezaji walilipa kwa saa, na mchezo wenyewe ulikaa katika mashine za kampuni. Huduma asilia ya CompuServe ilifungwa mwaka 2009. Waliolipa kwa miaka hawakubaki na kitu mikononi.

Afrika Mashariki iko wapi?

Huenda msomaji akauliza: michezo inatuhusu nini? Jibu ni kwamba mchezo ni mtihani mgumu kuliko mingi ambao kompyuta inaweza kupewa. Mkalimani anayeweza kuendesha mchezo ana nafasi nzuri ya kuendesha pia programu ya zamani ya hesabu za duka, kamusi au somo la kemia. Programu iitwayo Winlator, inayounganisha Wine na Box64, imekuwa ikifanya hivyo katika simu za Android tangu mwaka 2023. Simu ya bei ya chini bado huelemewa, na betri huisha upesi. Lakini njia ipo, na haidai kununua kompyuta nyingine.

Liko pia suala la urithi. Mwaka 2007 kijana wa Kenya, Wesley Kirinya, alitoa The Adventures of Nyangi, mojawapo ya michezo ya mwanzo ya aina yake kutengenezwa nchini humo, na aliutengeneza kwa kompyuta za Windows. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion, nayo kwa Windows, barani ambako wengi wana simu na si kompyuta. Bila wakalimani hawa, na bila nakala zilizohifadhiwa, kazi za namna hiyo zitakufa pamoja na mashine zilizozaliwa nazo.

Uwezo wa kuchukua hatua haukosekani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyo huru na iliyozungumza Kiswahili. Aidha, sheria za Kenya na Tanzania zinawataka wachapishaji kupeleka nakala za vitabu katika maktaba ya taifa. Kilichobaki ni kuuliza kwa nini programu iliyoandikwa Nairobi au Dar es Salaam isipewe hifadhi hiyo hiyo, pamoja na maandishi yake asilia.

Ikiwa Intel itatimiza ahadi yake, kiwanda cha Ohio kitaanza kutoa prosesa karibu na mwisho wa muongo huu. Kufikia wakati huo, huenda mnunuzi asijali tena ni ukoo gani uliomo ndani ya kifaa chake. Atakalopaswa kujali ni kama alichokilipia ni chake kweli, au ni mgeni tu aliyekaribishwa kwa muda.