Tahariri: Tuwalipe madaktari vijana wafanye utafiti wa upasuaji wa watoto

Mtoto anazaliwa utumbo ukiwa nje. Ukuta wa tumbo haukujifunga vizuri alipokuwa bado mimbani, kwa hivyo matumbo yakatokeza kando ya kitovu. Madaktari huiita hali hiyo gastroskisisi. Akizaliwa Uingereza au Marekani, karibu kila mara ataenda nyumbani na mamake. Akizaliwa katika nchi maskini, karibu kila mara atazikwa.

Hatutii chumvi. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 264 za nchi 74, uliofuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula. Kwa gastroskisisi pekee, nchi tajiri zilipoteza asilimia 1.4 ya watoto. Nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Kenya imo, zilipoteza asilimia 31.9. Nchi maskini kabisa zilikuwa na watoto kumi tu kwenye hesabu hiyo, na tisa wakafa.

Sasa jiulize, hizo namba zilitoka wapi? Hazikuota zenyewe. Kuna mtu alikaa na faili za wodi akaandika mtoto alifika akiwa na siku ngapi, mwili ulikuwa baridi kiasi gani, dripu ilipatikana lini, na mwishowe alitoka hospitalini hai au la. Hiyo kazi haina kamera wala makofi. Lakini isipofanywa, mtoto aliyekufa Garissa au Homa Bay hakuna anayejua alikuwepo, isipokuwa familia yake.

Swali letu leo ni hili: nani anaifanya kazi hiyo hapa kwetu, na nani anamlipa?

Wenzetu Marekani wameitengea nafasi. Daktari anayesomea upasuaji wa jumla kule hukaa miaka mitano hospitalini, na akitaka kuwa mpasuaji wa watoto anaongeza mingine miwili. Nafasi ni chache, ushindani ni wa kukata na shoka. Ndiyo maana wengi wao husimama katikati ya masomo, wakatoka thieta kwa mwaka mmoja au miwili, na kulipwa ili wafanye jambo moja tu: kuuliza swali na kulitafutia jibu. Huo ndio ufadhili wa utafiti tunaouzungumzia. Tusiupambe sana, lakini. Kuna wanaoingia kule ili kunenepesha wasifu wao tu, wanatoa makala juu ya makala ambayo hata wenyewe hawatayasoma tena. Hiyo tabia wabaki nayo. Kinachofaa kuigwa ni lile wazo la msingi, kwamba daktari kijana apewe muda na mshahara ili afikirie tatizo moja mpaka alielewe.

Huku kwetu je? Ukimaliza digrii ya udaktari unaingia uanagenzi. Unakumbuka mgomo wa 2024, ule wa siku 56? Moja ya mambo yaliyowatoa madaktari wodini ni serikali kutaka kuwalipa wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi, ilhali makubaliano ya 2017 yalisema zaidi ya Sh200,000. Ukivuka hapo na bado una hamu ya kisu, unaenda kusomea uzamili chuo kikuu, au unapitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho huwafunza madaktari wakiwa palepale hospitalini kwao. Ni miaka mitano hivi. Wengi wa wanaosomea chuo kikuu hujilipia karo, na wengine hufanya kazi wodini bila mshahara.

Ukiwa chuo kikuu, tasnifu ni lazima. Haya, utaiandika lini? Ni usiku baada ya zamu, kwa bando lako, kwa laptopu ya kuazima. Kuna ada ya kamati ya maadili, kuna kibali cha NACOSTI, kuna faili zilizopotea stoo ya rekodi na mzee wa stoo ambaye funguo anazo yeye peke yake. Katika hali hiyo, si utachagua swali rahisi kabisa, umalize, ufuzu, usonge mbele? Hatukulaumu, mtu lazima ale. Ila tasnifu ya aina hiyo huishia kwenye rafu ya maktaba, na wodi inabaki vilevile.

Hapo ndipo mgeni anapoingia. Anatoka ng'ambo, ana mwaka mzima uliolipiwa, ana swali aliloandikiwa na profesa wake. Daktari wetu anamtembeza wodini, anamtafsiria, anamtafutia faili kati ya operesheni mbili. Makala yakitoka, jina la mwenyeji liko katikati kabisa, pale jicho halifiki. Si wageni wote wako hivyo, na baadhi yao wamekuwa marafiki wa kweli wa hospitali zetu. Lakini anayelipia swali ndiye anayelichagua. Mtu wa Boston hataamka usiku akijiuliza kwa nini mtoto wa Kitui alichukua siku tatu kufika rufaa.

Kwamba utafiti wa hapa nyumbani unaokoa watu si ndoto. Tazama majirani. Mwaka 2014 watoto 42 wenye gastroskisisi walifikishwa Hospitali ya Mulago, Kampala, na asilimia 98 kati yao wakafa. Namba hiyo ilichapishwa ikauma. Baadaye timu ya Mbarara ikaweka utaratibu mmoja wa kumtunza mtoto wa aina hii tangu anapofika, na vifo vikashuka. Bado zaidi ya nusu walikufa, kwa hivyo hakuna wa kupiga vigelegele, lakini hiyo ni tofauti unayoweza kuihesabu kwa watoto wenye majina. Na vitu vyenyewe si vya ajabu. Kuna mfuko wa plastiki unaoshikilia utumbo juu ya tumbo ili urudi ndani polepole kwa siku kadhaa. Ule wa kiwandani ni ghali, basi madaktari wa Afrika wamewahi kuubuni kwa mfuko wa mkojo, mfuko wa dripu, hata kondomu ya kike. Ni upi unafanya kazi vizuri? Upi unaleta maambukizi? Hilo halijibiwi kwa kubahatisha. Lazima mtu akae alihesabu.

Halafu kuna Mbale, karibu kabisa na mpaka wetu. Mwaka 2000 Mmarekani Benjamin Warf alihamia huko kutibu watoto wenye kichwa maji. Dawa ya kawaida ilikuwa mrija wa kutoa maji kichwani, na mrija ukiziba mtoto anahitaji operesheni ya haraka. Nchini Marekani hilo ni usumbufu, lakini kwa mama aliye kijijini mbali na barabara ni hukumu ya kifo. Warf na wenzake wa Uganda wakaboresha njia ya kupitisha kamera ndogo kichwani, kufungua mlango mpya wa maji na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Wakaandika kila kitu. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha jaribio lililofanyiwa Mbale kwa watoto wachanga 100, likilinganisha njia hizo mbili: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa makundi hayo haukuonyesha tofauti kubwa. Leo hospitali za Marekani zinatumia mbinu iliyokomaa Mbale. Swali lilizaliwa kwa sababu aliyeuliza aliishi pale pale tatizo lilipo.

Tunajua utakachosema. Wapasuaji wa watoto wenyewe ni wa kuhesabu, na wengi wako Nairobi na miji mingine michache. Foleni ni ndefu. Kwani tumtoe daktari thieta akacheze na kompyuta?

Hoja hiyo ni nzito, hatutairuka. Lakini mtoto anayefika siku ya tatu akiwa baridi, amekauka maji, utumbo umeshaanza kuwa mweusi, hata umpe mpasuaji bora duniani huenda asimwokoe. Tatizo lake lilianza mbali na thieta: kwenye zahanati ambako hakuna aliyejua amfunike na nini, kwenye ambulensi isiyokuwa na mafuta, au kwa nesi ambaye hakuwahi kufundishwa. Pesa ziende wapi kwanza? Zinunue ambulensi, zifundishe manesi au zijenge wodi nyingine? Asiyehesabu atajenga wodi, kwa sababu wodi inazinduliwa kwa utepe. Tuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa kule Eldoret tangu 2015, tuna kazi kubwa ya BethanyKids kule Kijabe, tuna shirika la KidsOR la Scotland linaloweka thieta za watoto na kulipia masomo ya wapasuaji barani. Yote ni mema. Majengo na mashine hupata wafadhili. Mwaka mmoja wa kuhesabu na kufikiri ndio unaokosa mtu wa kuulipia.

Na si pesa nyingi hivyo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na ndiyo iliyounda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Hatujawahi kuifikia. Hatuombi asilimia zote mbili leo. Tunaomba nafasi tano kwa mwaka, kwa madaktari walio katikati ya masomo ya upasuaji wanaotaka kutibu watoto. Walipwe sawa na wenzao walio wodini, na wasamehewe karo ya mwaka huo. Waruhusiwe zamu moja kwa wiki ili mikono isisahau. Swali litoke wodini, data ibaki hapa nchini, na jina la kwanza kwenye makala liwe la aliyefanya kazi. Akimaliza, akawasilishe majibu kwa kaunti iliyompa faili, kwa lugha ambayo waziri wa afya wa kaunti na muuguzi wa zahanati wataielewa wote.

Kama wewe ni mwanafunzi wa udaktari au mwanagenzi, usingoje nafasi hizo tano ndipo uanze. Daftari la kulaza wagonjwa liko hapo wodini kwako. Mwombe mkuu wa kitengo na kamati ya maadili ruhusa, uangalie watoto waliofika mwaka uliopita na tatizo moja tu, ujue walichelewa wapi. Ulizia pia programu ya Fogarty ya Marekani, ambayo hulipia mwaka wa utafiti na huwachukua hata madaktari wa nchi zetu kupitia vyuo shirika. Chama cha wapasuaji wa Kenya kina jarida lake, Annals of African Surgery, na si lazima uwe profesa ili uandike humo.

Kama hujasomea udaktari, bado una kazi. Takwimu ni takwimu: uliyesomea hesabu au kutengeneza programu na sasa unasaka kibarua mtandaoni, kuna wodi ambazo kumbukumbu zake bado ziko kwenye vitabu vilivyochanika. Na wewe unayehudhuria vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambavyo vijana wengi huwaachia wazee, safari hii inua mkono uulize: mwaka jana ni watoto wangapi wachanga waliopelekwa rufaa wakihitaji upasuaji, na ni wangapi walirudi? Ukijibiwa kwamba hawajui, waulize watamlipa nani akatafute.