Bangi na saratani: tuwaulize vijana wetu

Nikimgusia bangi mpwa wangu, hunijibu papo hapo: “Mjomba, hayo ni majani tu, hayaleti kansa.” Na ana pa kushikia. Mwaka 2006, watafiti wa Los Angeles walilinganisha wagonjwa wa saratani zaidi ya 1,200 na watu zaidi ya 1,000 wasio nayo. Mmoja wao, Donald Tashkin, bingwa wa magonjwa ya mapafu, alitarajia kuona wavuta bangi wameumia zaidi. Walipotenga athari ya sigara, hata waliovuta misokoto mingi kwa miaka hawakuonekana kupata saratani ya mapafu zaidi kuliko wengine.

Lakini mwaka 2009, utafiti wa eneo la Seattle uliwakuta wavutaji na hatari kubwa zaidi ya saratani ya korodani, ugonjwa unaowapata hasa vijana. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kijiweni kila mtu anabishana kuhusu mapafu. Korodani hakuna anayezitaja.

Tena moshi wa bangi una lami kama wa sigara, na mvutaji huuvuta kwa nguvu akaubana kifuani. Wengi huchanganya na tumbaku, ndiyo maana watafiti hupata taabu kujua kipi kimedhuru.

Ninachotaka ni hiki: kijana akifika kliniki, aulizwe kuhusu bangi kama anavyoulizwa kuhusu sigara, mlango ukiwa umefungwa, bila kutishiwa polisi, na jibu lake liandikwe kwenye faili. Daktari amfundishe pia kujipapasa korodani, na akigusa uvimbe arudi mara moja.