SHINGO YA MLALAHOI NAYO IPIMWE!

Ndugu msomaji wa Manzese au Mbagala, mzee wako akipinda mdomo au mkono ukifa ghafla, hata akipona baada ya dakika kumi, usimpeleke kwa mganga kutolewa jini. Mkimbize hospitali! Apimwe presha, kisha shingo yake itazamwe kwa altrasaundi, mashine ya aina ileile inayotazama mimba. Mshipa uliobana huonyesha damu ikichupa kama maji kwenye mpira uliominywa. Hapo ndipo kiharusi kikubwa kinaponyemelea.

Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta kiharusi Dar es Salaam ni karibu mara tatu ya Hai. Vigogo hupanda ndege kwenda India. Sisi tunaidai Serikali mtaalamu wa kupima shingo Temeke na Mwananyamala, kila siku, kwa bei ya mlalahoi.