Itoe Simu Kwenye Mchele

Sitaki tena kusikia habari za mchele. Mimi ni mtoto wa Makorora, nimelelewa kwa wali wa nazi, sina ugomvi na mchele ukiwa sahanini. Ugomvi wangu ni na ule wa kwenye ndoo, ambao simu iliyolowa huzikwa ndani yake siku tatu huku mwenye simu akiambiwa asubiri. Nilisubiri. Najua ulichonigharimu, na kwa kuwa masika hayaachi kuja, nataka tugombane kidogo.

Masika ya mwaka juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Anayeijua Makorora anajua nyumba zetu zilivyobanana na mitaro inavyokuwa mvua zikizidi. Maji yakikosa pa kwenda huchagua mlango, na kwetu yalifika kama saa kumi alfajiri. Tulinyanyua magodoro, tukanyanyua gunia la mkaa, tukanyanyua mtoto wa dada yangu ambaye hata hakuamka. Simu yangu ilikuwa sakafuni pembeni ya mkeka. Hiyo hakuna aliyeinyanyua.

Simu yenyewe haikuwa na thamani. Kioo kilikuwa na ufa, betri haifiki adhuhuri. Lakini ndani yake kulikuwa na rekodi 11 za bibi yangu mzaa mama, Msegeju wa Moa, nilizomrekodi jioni barazani, nikimuuliza nani kazaliwa na nani, baba yake alisafiri na jahazi gani, wimbo gani uliimbwa akitolewa mwali. Bibi alikuwa ameshafariki. Arobaini ilikuwa imepita zamani. Nilikuwa nimesema nitazinakili wikiendi ile, kama nilivyosema wikiendi nyingi kabla yake.

Nilipoitoa majini nilibonyeza kitufe nione kama inawaka. Ikawaka, ikazima. Nikaitikisa, nikaipuliza, nikaichomeka kwenye chaja "ipate nguvu". Jirani akaniambia niache papara, niitie kwenye mchele. Shangazi akanipimia kilo mbili bila hata kuuliza za nini, maana kila mtu anajua. Siku tatu. Nikawa naipitia ndoo kama mtu anayemwangalia mgonjwa, naweka mkono juu ya punje, naondoka na faraja. (Mchele ule ulipepetwa, ukapikwa Ijumaa. Sikula.)

Faraja ndiyo bidhaa pekee ambayo mchele unaitoa. Ni namna ya kutofanya kitu huku ukijiona umefanya.

Maana adui si maji peke yake. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Kinachoupitisha ni vitu vilivyoyeyuka ndani yake, hasa chumvi. Na maji ya mtaro wetu yana chumvi, sabuni, mkojo na mengine nisiyotaka kuyataja. Yakiigusa bodi ya simu ambayo betri yake bado imeunganishwa, umeme unapata njia ambazo mtengenezaji hakuzichora. Shaba inaliwa mahali pamoja na ukungu wa kijani unajengeka mahali pengine. Kazi hiyo huanza ndani ya dakika chache na kuendelea maadamu kuna unyevu na chaji. Kila unapobonyeza kitufe kuona "kama imepona", unaichochea. Chaja niliyoichomeka mimi ilikuwa sawa na kumwagia moto mafuta ya taa.

Sasa mchele unaingiaje hapo? Simu imefungwa kwa gundi. Maji yamejificha chini ya vifuniko vya bati na chini ya chipu, mahali ambapo hata hewa hupita kwa shida. Punje iliyolala juu ya kioo itayavuta kutoka huko kwa uchawi gani? Tena hata yakikauka yenyewe, chumvi haiondoki nayo. Inabaki palepale, ikingoja hewa yetu ya pwani, ambayo haijawahi kuwa kavu, iiamshe tena. Mwanzoni mwa 2024 hata Apple iliwaandikia wateja wake waziwazi kwamba wasiitie iPhone kwenye mfuko wa mchele, kwa sababu vipande vidogo vya punje vinaweza kuiharibu.

Najua utakachosema. Ya kwako ilipona. Ya binamu yako ilitumbukia chooni, ikalala kwenye mchele, ikaamka. Sikatai. Ingelala juu ya meza mbele ya feni ingeamka vilevile, pengine mapema zaidi. Bahati ilifanya kazi, mchele ukapewa sifa. Na zile ambazo hazikuamka hatuzisimulii. Tunasema tu "ilikuwa siku yake".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi watu wa Tanga hatukustahili kudanganyika hivi. Chumvi tunaijua. Tumeona mabati yanavyotoboka, tumeona minyororo ya baiskeli zetu inavyokuwa ukiisahau nje. Nenda pale Deep Sea kwa wavuvi, muulize mwenye injini ya boti anafanya nini akirudi pwani. Hatafuti mchele. Anaipitishia maji yasiyo na chumvi, injini nzima, ili bahari isibaki ndani yake. Chombo kilicholowa maji ya chumvi kinaoshwa kwa maji mengine. Hilo mvuvi asiyejua kusoma analijua, nasi wenye shahada tunakimbilia gunia.

Na wakubwa wa kazi hii, wanaosoma vinasa taarifa za ndege, hufanya hivyohivyo. Ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Atlantiki tarehe 1 Juni 2009. Vinasa vyake vilipatikana Mei 2011, baada ya kukaa karibu miaka miwili chini ya bahari, kwenye kina cha mita zipatazo 3,900. Havikuanikwa juani. Vilisafirishwa vikiwa ndani ya maji hadi maabara, kwa sababu kifaa kilichozama kikikaushwa ovyo ndipo hewa na chumvi huanza kukila kwa kasi. Huko vilifunguliwa, vikasafishwa, vikakaushwa kwa utaratibu, na sauti za marubani zikasikika. Miaka miwili! Mimi nilishindwa kuokoa sauti iliyozama kwa dakika 20 kwenye maji yaliyofika kwenye kifundo cha mguu.

Siku ya nne niliipeleka simu mjini, kwenye duka lenye vioo na kiyoyozi. Kijana aliyevaa fulana yenye nembo aliigeuza mara mbili, akasema imekufa, akanionyesha mpya za bei nafuu. Nikamwambia shida yangu si simu, ni vilivyomo. Akasema vilivyomo vimekwenda nayo. Alisema kwa upole, kama daktari, nami nikamwamini kwa sababu ya kiyoyozi.

Aliyenipeleka kwa fundi ni mama, aliyechoka kuniona nimenuna. Kibanda chake kiko si mbali na soko la Makorora: meza moja, taa moja, hadubini aliyoifunika kwa kipande cha kanga ili isiingie vumbi. Nilikuwa nimekipita kibanda kile mara mia. Nilikijua kama mahali pa kubadilishia kioo na kutiliwa nyimbo kwenye memori kadi. Hakuniuliza simu ni ya bei gani. Aliuliza, "Dada, unataka simu au unataka vilivyomo?"

Naomba uliweke moyoni swali hilo, kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti, na ukienda kwa fundi asiyezitenganisha umekwisha. Anayetaka kukurudishia simu atakuambia, "Tuiflashi," nayo itawaka, safi, tupu, na bibi yako hayumo. Anayetaka kukurudishia vilivyomo hajali kama simu itaishi. Anaihitaji dakika chache tu.

Alinieleza pia kwa nini hawezi kung'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwenye mashine nyingine, jambo lililowezekana kwa simu za zamani. Simu za siku hizi hugeuza kila kilichomo kuwa fumbo, na ufunguo wa fumbo umefungamana na prosesa ya simu ileile. Tangu Android 10, iliyotoka mwaka 2019, ni sharti kwa simu mpya za mfumo huo. Kwa iPhone ni la tangu zamani. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini maana yake ni kwamba prosesa ile na chipu ile, juu ya bodi ileile iliyolowa, lazima ziamke pamoja, na mwenye simu atie namba yake ya siri. Hakuna njia ya pembeni. Kwa hiyo kila saa unayoiacha bodi iliwe ndani ya mchele unaichoma njia pekee iliyopo.

Nilikaa kwenye benchi nikamtazama. Alichomoa betri kwanza. Akavua vifuniko vya bati, akaiosha bodi kwa spiriti safi na mswaki laini, akaikausha kwa hewa ya moto ya wastani. Chini ya hadubini akanionyesha ukungu wa kijani kama mwani kwenye miamba. Kisha akapaka spiriti kidogo juu ya bodi, akaiingizia umeme mdogo, akainama kuangalia ni wapi spiriti inakauka kwanza. Pale panapokauka haraka pana joto, na penye joto ndipo umeme unapovujia. Palikuwa na kapasita moja ndogo kuliko chembe ya chumvi ya mawe. Akaing'oa, hakuweka nyingine. Akaazima kioo cha simu ya mtu mwingine, akaunganisha.

Ikawaka.

Akanisukumia nitie namba ya siri mwenyewe, akageuka pembeni. Tukachomeka waya kwenye kompyuta yake, nikaanza kunakili. Rekodi ya kwanza, ya pili. Ya tisa ilipokamilika, kioo kikawa cheusi. Alijaribu tena jioni ile na siku mbili zilizofuata, hakuna. Chini ya chipu inayogawa umeme palikuwa pameliwa. "Ungeniletea siku ileile," alisema, wala hakusema kwa kulaumu. Nilipomwambia kuhusu mchele aliinua mabega. Anaambiwa hivyo kila masika.

Rekodi mbili zilizobaki ni za jioni za mwisho. Najua zilikuwa na nini. Katika moja bibi anataja majina ya ukoo kurudi nyuma hadi yule aliyefika Moa. Mama anakumbuka majina manne. Shangazi anakumbuka manne pia, lakini si yaleyale.

Sasa turudi kwetu sisi tunaosoma magazeti kama haya. Tunaandika makala kuhusu kumbukumbu, nyaraka, historia ya simulizi. Tunahuzunika maktaba ikiungua. Lakini nyaraka za familia nyingi za Tanga leo haziko maktaba. Ziko kwenye simu zenye ufa, na mtunzaji wake wa mwisho ni kijana mwenye hadubini ambaye tukimpita tunamwita "vijana wa vijiweni". Tunampigania bei hadi elfu tano ya mwisho. Mimi mwenyewe nilitaka kumpunguzia. Nilikuwa nimetoka kuambiwa bure, kwenye kiyoyozi, kwamba bibi yangu amekwenda, nikaona yule aliyemrudisha anatoza ghali.

Ipo hofu moja ambayo siidharau: kumpa mtu usiyemjua simu yenye picha zako. Wapo mafundi waliofungua visivyowahusu, na wanaoumia zaidi ni wanawake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haikai kwenye benchi pamoja nawe. Kaa wewe. Tia namba ya siri mwenyewe, nakili ukiwa hapohapo, ondoka na simu yako hata ikiwa imekufa. Fundi anayekataa ukae, mwondokee. Wangu ndiye aliyeniwekea benchi.

Na wale watakaoniuliza kwa nini sikuhifadhi nakala wingu­ni, wana haki. Google inatoa gigabaiti 15 bure, na rekodi zangu zote zisingefika hata moja. Ningeweza kusema bando ni ghali, na ni ghali kweli, lakini usiku mmoja wa bando la kutazamia video ungetosha. Nilichelewa kwa sababu nilidhani kitu kikiwa mkononi mwangu kiko salama. Hapo sina wa kugombana naye.

Masika ya mwaka huu, Ijumaa moja asubuhi, jirani yetu wa nyumba ya pili alikuja kwa mama kuazima mchele. Nilimwona mkononi ana simu, inachuruzika. Alikuwa na picha za mwanawe aliye Muscat, za harusi aliyoshindwa kwenda. Nilimwambia, "Mama, usiiwashe." Aliniangalia kama nimemnyima chakula. Nikaipangusa kwa kanga, nikatoa laini, nikamshika mkono tukaenda. Kibanda kilikuwa kimefungwa, fundi amekwenda msikitini. Tukakaa kwenye benchi lake kusubiri. Simu alikuwa ameipakata, na kila baada ya dakika kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye kitufe, nami nakiondoa.