Amosi na mto uliogeuzwa korongo

Makanisani kwetu aya ya 24 ya sura ya tano ya Amosi hupendwa sana. Nabii anataka haki ishuke kama maji, kama mto wa kudumu. Nimeisikia ikisomwa Tosamaganga, misheni kongwe iliyo juu ya bonde la Ruaha Mdogo, na kama ilivyo karibu kila mahali, maji yale yalipokewa kama pambo la lugha tu.

Si pambo. Neno la Kiebrania analolitumia nabii, nahali, ni korongo la nchi kame: mvua ikinyesha hufurika, kiangazi kikifika hubaki mchanga. Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, pembezoni mwa nyika ya Yuda, na mtunza mikuyu, mti uleule unaoota kandokando ya mito yetu. Aliyajua makorongo hayo kwa nyayo zake. Anachokitaka ni korongo lisilokauka kamwe, na hicho ndicho kipimo chake cha haki. Sisi tumekwenda kinyume naye: tulirithi mto usiokauka, tukaugeuza korongo.

Nausema Ruaha Mkuu, ambao Ruaha Mdogo huungana nao kabla ya bwawa la Mtera. Maji yake mengi hutoka milima ya Mbeya, yakapita bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, ndipo yakaingia Hifadhi ya Ruaha. Humo hifadhini mto ulitiririka mwaka mzima hadi kiangazi cha 1993 ulipokatika. Tangu hapo kukatika kumekuwa desturi. Viboko husongamana katika madimbwi ya matope, samaki hufa. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto huo ungetiririka tena mwaka mzima. Bila shaka hakukusudia kumnukuu Amosi, lakini ahadi ilikuwa ileile. Mwaka 2010 ulikuja, ukapita. Katikati, mwaka 2006, taifa lilikaa gizani kwa mgawo wa umeme, na kufikia 2007 wafugaji walikuwa wameondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kuna mahubiri mawili juu ya ukame huu, na yote mawili huwakwepa manabii. La kwanza ni la jukwaani: mwenye kosa ni mfugaji, au mama mwenye kinyungu chake cha mboga bondeni, ambaye husomewa mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. La pili ni la madhabahuni: tumekosa sote, tutubu sote, tuombe mvua. Dhambi ikishakuwa ya wote kwa kiasi sawa, hakuna tena wa kuulizwa.

Hosea hakuhubiri hivyo. Katika sura ya nne anataja makosa kwa majina: kuapa uongo, kuua, kuiba. Kisha, bila kuvuta pumzi, anasema wanyama, ndege na hata samaki wanatoweka. Kitenzi anachoipa ardhi, abali, katika Kiebrania hubeba kuomboleza na kunyauka kwa pamoja. Tafsiri yetu inasema inayoomboleza ni nchi, na nadhani sikio letu la leo linatupotosha hapo. Tukisikia nchi tunaona bendera, wimbo wa taifa na msafara wa viongozi. Tumesahau kwamba nchi ni udongo kabla ya kuwa dola, na kwamba mwananchi ni mwana wa udongo huo. Hosea anasema udongo umefiwa.

Na Isaya, sura ya tano, anamtaja anayeunganisha shamba na shamba hadi wengine wakose mahali. Adhabu yake ni ya kilimo kabisa: atavuna sehemu moja ya kumi ya mbegu aliyopanda. Usangu ina mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, yaliyoanzishwa na Serikali na baadaye kubinafsishwa. Kuyazunguka, wakulima wadogo wengi nao wamefungua mifereji yao. Sisemi mkulima mdogo hana lake. Mimi mwenyewe mchele wa Mbeya haukosekani mezani pangu. Ninachouliza ni kwa nini hesabu ya maji huanzia kwenye kwato za ng'ombe na kukoma kabla ya kufika kwenye lango la mfereji mkubwa.

Mtu atanijibu kwa Ezekieli, sura ya 34, panapolaumiwa kondoo wanaokunywa maji safi kisha wakayachafua yaliyobaki kwa miguu yao. Je, huyo si mfugaji wa Usangu? Soma tena. Kondoo hao ndio walionona, wenye mabega na pembe za kuwasukuma wanyonge, na kabla yao nabii ameanza na wachungaji, yaani watawala. Kosa lao ni kukaa juu ya maji na kumwachia matope aliye chini. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya siasa ya bonde la mto.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba nawavisha manabii fulana za wanaharakati. Nilimjibu kuwa hawakujua ikolojia, na hawakuihitaji ili kuona kwamba bei ya ulafi wa aliye juu hulipwa kwanza na wasio na sauti barazani: mjane, mgeni, samaki.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi hapa Iringa, nasi tuna mimbari kila kona. Nawaomba mapadre na wachungaji wetu jambo moja. Mwezi wa kumi, mto ukiwa mchanga, msituongoze kuomba mvua kabla hamjasoma Ezekieli 34 kwa sauti, kisha mkauliza hadharani, mbele ya waumini walio maofisa na wenye mashamba: nani ana kibali cha maji, cha kiasi gani, na kiangazi hiki amefunga lango lake lini?