Tukipatana kazi ng'ambo, tuulizane: saa za wapi?

Sisi tunaovuka mipaka tukipata hasara, mshitakiwa wetu ni yule yule: mpaka. Foleni, karatasi, ofisa aliyeamka vibaya. Novemba iliyopita nilipata hasara nikiwa nimevuka Rusumo bila kusumbuliwa na mtu yeyote. Mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe.

Mimi ni mpiga picha za harusi, naishi Kahama. Mfanyabiashara wa Rwanda anayekuja kwetu kununua mchele aliniomba nikapige picha kwenye harusi ya binti yake huko Kibungo, sherehe ikiwa bustanini. Tulipatana kwa simu. Nikamwambia picha za familia tuzipige saa 11:30 jioni, jua likiwa limelainika. Akasema sawa.

Niliitaka saa hiyo kwa sababu. Jua la mchana huchoma shela hadi nakshi zake hazionekani, na huweka kivuli cheusi machoni pa bwana harusi. Likishuka, ngozi hung'aa na shela huonyesha kila uzi. Ila huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu wima. Likishatua, giza huingia ndani ya dakika 20 hivi.

Kahama mwezi Novemba jua hutua yapata saa 12:40, kwa hiyo saa 11:30 ningekuwa na zaidi ya saa nzima ya kufanya kazi. Nilichosahau ni kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kibungo siku ile jua lilitua kabla ya saa 12 za huko. Nilipogundua, wazee walikuwa katikati ya hotuba. Nani angewakatiza?

Familia ilikuja bustanini saa 11:30, kama tulivyopatana. Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda na kilima kilikuwa kimeshalificha jua. Nikailazimisha kamera kuvuta mwanga, picha zikajaa chenga. Nikawasha flashi, nyuso zikatoka nyeupe na nyuma yao giza tupu.

Nilipompelekea picha, mzee alinipigia simu kwa upole. "Ndugu yangu, wewe ungeniuzia mchele uliolowa, ningekulipa bei ya mchele mkavu?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu ya malipo, nauli ikawa juu yangu.

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Muuza mchele hapatani kwa kusema "magunia kadhaa". Anataja uzito, daraja, siku ya kupakia na nani anabeba hasara mvua ikinyesha njiani. Sisi tunaouza huduma, wapiga picha, wapambaji, wapishi na mafundi muziki, bado tunavuka mpaka na maneno ya simu tu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na huduma zimo humo pamoja na bidhaa. Rusumo ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2016. Serikali zina kazi bado, sikatai. Lakini hakuna itifaki itakayotuandikia mapatano yetu na wateja.

Naona kila kazi ya ng'ambo iandikwe, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Itajwe saa na nchi ya saa hiyo. Mpiga picha aulize jua linatua saa ngapi pale harusi ilipo, siyo kwake, na picha za familia zitangulie hotuba. Mvua ikija, ijulikane mapema ni baraza gani litatumika. Orodha ya kamera na lenzi iwe mkononi, ili ofisa wa forodha aone kuwa ni vifaa vya kazi vinavyorudi nyumbani.

Wapo watakaosema kuandikiana ni kutoaminiana. Mzee yule aliniamini kabisa, na bado binti yake hana picha nzuri ya siku ile akiwa na wazazi wake. Hiyo siwezi kumrudishia.

Februari naenda tena Rwanda, kwa mteja mwingine. Ujumbe tuliotumiana unasomeka: "Picha za familia saa 11:00 jioni, saa za Rwanda, kabla ya hotuba."