Kengele ya Shule Haitamfuata Kijana Chumbani

Kila mwaka, mtihani wa KCSE unapomalizika, maelfu ya vijana hufunga masanduku yao, huwaaga walimu na kuondoka shuleni wakiwa na furaha isiyo kifani. Haupiti muda mrefu kabla ya wengi wao kukodi vyumba karibu na vyuo au mahali pa kazi. Wazazi huwanunulia godoro, jiko na sufuria mbili, na karo hutafutwa kwa jasho. Lakini ni wazazi wangapi, na ni walimu wangapi, wanaojiuliza iwapo kijana huyo anajua kuutunza mwili wake pasipo mtu wa kumsimamia?

Swali hili si dogo. Katika shule ya bweni, usafi huongozwa na kengele. Kengele humwamsha mwanafunzi aoge, humwita mezani, na humlaza kwa saa maalumu. Kiranja hukagua kitanda, naye mwalimu wa zamu hukagua kucha na sare. Mwanafunzi hutii kwa kuogopa adhabu, na mara nyingi haelezwi sababu. Kengele inaponyamaza, utiifu huo nao hukoma. Ndipo tunapowaona vijana waliofaulu vyema mtihani wakilala saa tisa za usiku, wakishinda kwa chai kavu na chipsi za kando ya barabara, na shuka zao zikikaa majuma kadhaa bila kuona maji.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya nyumbani, wala shule haihusiki. Hoja hiyo haina mashiko. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Sayansikimu ilifunzwa wavulana kwa wasichana katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika orodha ya masomo ya kutahiniwa, na kama ilivyo desturi yetu, kisichotahiniwa hakithaminiwi. Mtaala wa umilisi umeyarejesha mafunzo ya lishe na usafi, lakini yatafaa nini yakibaki kuwa maneno ya kukariri?

Hasara ya kutojua ni kubwa. Kipindupindu kilizuka nchini Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti nyingi mwaka uliofuata. Ugonjwa huu huingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kijana anayechota maji ya mfereji wa ploti na kuyanywa bila kuyachemsha au kuyatia dawa, au anayetoka msalani na kushika mkate kabla ya kunawa kwa sabuni, anajialikia mauti. Tena ajue la kufanya akianza kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo akielekea hospitalini. Maarifa haya ni mepesi, nayo yameokoa maisha ya wengi.

Hatari ya pili ni jiko la makaa. Katika msimu wa baridi, kijana hupika, akafunga mlango na dirisha, kisha akaliacha jiko chumbani limpashe joto alalapo. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hanusi kitu wala hakohoi. Asubuhi majirani huvunja mlango. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.

Hatari ya tatu ni uganga wa kujitibu. Kijana akiumwa na koo hununua vidonge vichache vya viuavijasumu, humeza viwili, akipata nafuu huacha. Vijidudu vilivyosalia huzoea dawa, na siku atakapougua kweli, dawa ile haitamfaa.

Wasichana wana mzigo wa ziada. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wanafunzi wa kike shuleni. Msichana akishaondoka shuleni, gharama hiyo humwangukia yeye. Mzazi anayepanga fedha za matumizi za bintiye bila kuikumbuka hajapanga kitu.

Hatukatai kwamba umaskini upo. Hata hivyo, kipande cha sabuni ya mche na mtungi wenye kifuniko vina bei ndogo kuliko kitanda cha hospitali. Nao wenye nyumba wanaowasongamanisha wapangaji wengi kwenye choo kimoja hawafai kusamehewa. Sheria ya Afya ya Umma ipo, na maafisa wa afya wa kaunti wana wajibu wa kuitekeleza hata katika mitaa inayozunguka vyuo.

Tunawahimiza walimu wautumie muhula wa mwisho kuwaachia watahiniwa wajipangie wenyewe saa za kulala, kufua na kusafisha mabweni, huku wakielezwa sababu ya kila jambo. Wazazi nao wamkabidhi kijana, awe mvulana au msichana, jiko na fedha za chakula cha juma zima wakati wa likizo, wamtazame akikosea na wamrekebishe angali chini ya paa lao. Nanyi vijana, fahamuni kwamba cheti chenye alama za juu hakimkingi mtu na kuhara. Uhuru mnaoungoja kwa hamu ni kuwa kiranja wa nafsi yako, asubuhi na jioni, pasipo mtu kukuona.

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Novemba ikishapita, udongo huo utakuwa umekwisha kukauka.